Shajara ya mradi: cheo na homoni za msongo kwa punda milia

Wiki ya 1: Swali

Katika familia ya punda milia, nani anabeba homoni nyingi zaidi za msongo: jike wa juu au jike wa chini? Swali ni fupi, lakini wanyama waliokwisha kupimwa wametoa majibu yanayopingana, na mpango wetu wote umejengwa juu ya mpingano huo.

Robert Sapolsky, aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Masai Mara mwaka 1978, aliona kwamba kundi likitulia, madume wa vyeo vya juu huwa na kotisoli (homoni kuu ya msongo) ya chini kuliko wenzao wa chini. Kundi likivurugika, nafuu hiyo ya wakubwa hupotea. Scott Creel na wenzake walikuta kinyume chake kwa mbwa mwitu wa Selous na nguchiro wadogo wa Serengeti: wanaotawala ndio wenye homoni nyingi. Mwaka 2011 Laurence Gesquiere na wenzake walitoa matokeo ya nyani madume 125 wa Amboseli, waliofuatiliwa kwa miaka tisa. Dume nambari moja alikuwa na homoni za msongo nyingi kuliko nambari mbili, na kwa wingi huo alikaribia madume wa chini kabisa.

Ukiyaweka pamoja, cheo peke yake hakitabiri chochote. Kinachoonekana kutabiri ni gharama: mnyama anatumia nguvu kiasi gani kukipata cheo na kukilinda, na aliye chini anasumbuliwa mara ngapi na ana pa kukimbilia au hana. Kwa hiyo mradi unapima vitu vitatu kwa wakati mmoja, yaani cheo, gharama na homoni. Anayepima cheo na homoni tu atapata mstari unaopanda au unaoshuka, na hataweza kusema kwa nini.

Tumewachagua punda milia kwa sababu za kikazi. Kila mmoja ana michirizi yake, hivyo hahitaji kuvalishwa chochote. Familia zao hudumu: dume mmoja, majike kati ya mmoja na sita hivi, pamoja na watoto. Hans Klingel, aliyewachunguza Ngorongoro katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba majike wana mpangilio wa vyeo, na familia inaposafiri jike wa juu hutangulia. Tena kinyesi chao ni madonge makubwa, rahisi kuonekana na kuhusishwa na aliyekidondosha.

Tunapima majike. Sampuli za madume tunaziokota pia, lakini hatuzipimi kwa sasa, kwa sababu mbili. Kila familia ina dume mmoja, kwa hiyo hana wa kulinganishwa naye ndani yake. Sababu ya pili inahusu kingamwili, yaani protini inayoshika homoni kwenye kipimo cha maabara, na imeelezwa kwenye wiki ya 24.

Wiki ya 2 hadi 6: Picha

Michirizi ya ubavu wa kulia hailingani na ya kushoto, hata kwa mnyama yule yule. Hapa ndipo wengi huanza vibaya: mnyama aliyepigwa picha upande mmoja leo na upande wa pili kesho huingia kwenye orodha kama wanyama wawili. Kanuni yetu ni kwamba mnyama hapewi namba mpaka pande zote mbili zipatikane katika mfululizo mmoja wa picha, bila kumpoteza machoni.

Eneo la kulinganisha ni kuanzia begani hadi pajani. Programu ya HotSpotter, inayolinganisha michirizi kwenye picha, inatusaidia kupunguza orodha ya wanaofanana, lakini uamuzi wa mwisho ni wa macho ya watu wawili, kila mmoja akiamua peke yake. Picha iliyopigwa kwa mshazari hupotosha upana wa michirizi, kwa hiyo tunasubiri mnyama akae ubavu. Matope ni adui mwingine, hasa baada ya punda milia kugaagaa.

Kadi ya kila jike ina: umri wa kukadiria (mtu mzima au kijana), ana mtoto anayenyonya au hana, dalili za mimba, na tarehe aliyoonekana kwa mara ya kwanza katika familia hiyo. Usiiache hiyo tarehe ya mwisho. Jike mgeni hushambuliwa na wenyeji, na kama hujui kuwa ni mgeni utadhani homoni zake zinatokana na cheo cha chini peke yake.

Wiki ya 5 hadi 20: Cheo

Tunaandika matukio manne tu, kila moja likiwa na mtendaji na mtendewa: kulaza masikio nyuma na kusogeza kichwa kwa vitisho, kuuma au kujaribu kuuma, kupiga teke, na kumwondoa mwenzake mahali bila kumgusa. Hilo la nne ndilo lenye taarifa nyingi kuliko yote na ndilo linalopitwa kirahisi. Jike wa juu anatembea kuelekea bwawani, jike wa chini anapisha. Hakuna vumbi wala kelele, lakini cheo kimeonekana.

Anayeandika kila kinachomvutia macho ataishia na daftari la wagomvi. Kwa hiyo tunamfuata mnyama mmoja kwa dakika 20 kamili, kwa mpangilio uliopangwa usiku uliotangulia kwa bahati nasibu, kisha tunahamia kwa mwingine. Matukio ya nje ya zamu huandikwa kwenye ukurasa tofauti. Yanatumika kujaza mapengo ya nani anamshinda nani, lakini hayaingii kwenye hesabu ya matukio kwa saa.

Wakati wa kiangazi, kwenye maji machache, matukio ya kupishana huongezeka na jedwali la vyeo hujaa haraka. Inavutia kukaa bwawani mwezi mzima. Tatizo ni kwamba ukame wenyewe huinua homoni. Kwa tembo wa Tarangire, Charles Foley na wenzake waliona kotisoli ya kinyesi ikipanda mvua inapopungua. Basi cheo tunaweza kukipima bwawani, lakini gharama na homoni lazima zipimwe misimu yote miwili.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa tulilazimika kubadilisha mpango. Jaribio la kawaida la kuonyesha kwamba vyeo vimepangika kama ngazi halifanyi kazi kwa familia ndogo. Chukua majike watano. Wanaunda jozi 10, na kila jozi inaweza kwenda upande huu au ule, hivyo kuna mipangilio 1,024. Kati ya hiyo, iliyo ngazi kamili ni 120. Maana yake hata kama ngazi imekamilika pasipo dosari yoyote, uwezekano wa kuipata kwa bahati tu ni 0.117, juu ya kikomo cha 0.05. Kwa majike wanne ni 24 kati ya 64, yaani 0.375. Ni pale wanapofika sita ndipo inakuwa 720 kati ya 32,768, sawa na 0.022. Familia nyingi za punda milia hazifiki sita. Kuripoti kwamba "ngazi haikuthibitika" katika familia ya majike wanne ni kuripoti udogo wa familia.

Tulichoamua: hatujaribu ngazi ndani ya familia moja moja. Kila jike anapewa sehemu ya majike wenzake anaowashinda, kuanzia 0 hadi 1. Katika familia ya watano, wa kwanza ana 1, wa pili 0.75, wa tatu 0.5, na kuendelea. Kwa namna hiyo familia za ukubwa tofauti zinaweza kusomwa kwenye mizani moja, na swali linajibiwa kwa kuziunganisha familia nyingi.

Kwa kugundua mabadiliko, hasa jike mgeni anapoingia, tunatumia alama za Elo, zile zinazotumika kwenye sataranji. Kila jike anaanza na 1,000, na kigezo cha badiliko ni 100. Wawili wenye alama sawa wakikutana, mshindi hupanda hadi 1,050 na aliyeshindwa hushuka hadi 950. Wakikutana tena na wa chini akashinda, matarajio yake yalikuwa 0.36 tu, kwa hiyo anapata alama 64 na wanakuwa 1,014 na 986. Ushindi usiotarajiwa hulipwa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba mfuatano wa matukio una uzito: kwenye daftari lenye matukio machache, tukio moja la mwishoni hupindua cheo. Familia yenye wastani wa chini ya matukio matano kwa kila jozi hatuichorei mstari wa Elo. Tunabaki na jedwali la nani kamshinda nani.

Gharama tunaihesabu kutoka kwenye zile zamu za dakika 20: matukio aliyoanzisha kwa saa, matukio aliyopokea kwa saa, na mara ngapi malisho yake yalikatizwa. Kukatizwa malisho kunastahili safu yake. Punda milia hula sehemu kubwa ya siku kwa sababu chakula chake ni duni, na dakika anazoinua kichwa kumpisha mwenzake hazirudi.

Wiki ya 9: Kwa nini kinyesi, na kinatuambia nini

Mnyama akishtuka, haipothalamasi, sehemu ya ubongo, huamuru tezi ya pituitari, nayo hutuma homoni ya ACTH kwenye gamba la tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Hizo hutoa kotisoli. Katika damu, ongezeko huanza kuonekana kama dakika tatu tu baada ya kisa. Kumpiga mnyama mshale wa usingizi, kumfikia na kumtoa damu huchukua muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo damu hiyo inapima ukamataji.

Kinyesi kinakwepa tatizo hilo lakini kinaleta jingine. Ini huvunja kotisoli, mabaki hupita kwenye nyongo hadi utumboni, na bakteria huyabadilisha tena. Kinachofika chini si kotisoli, ni mabaki yake ya aina nyingi. Pia kimechelewa: kwa kondoo kama saa 12, kwa farasi wadogo kama saa 24, kwa nguruwe hadi saa 48. Punda milia ni jamaa ya farasi, tumbo lake linafanya kazi kwa mtindo ule ule, kwa hiyo tunapangia saa 24 mpaka jaribio letu la uthibitisho liseme vingine.

Ratiba imejengwa juu ya ucheleweshaji huo. Siku ya kwanza ni ya kutazama, kuanzia kupambazuka hadi jioni. Siku ya pili ni ya kuokota, kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, kwa familia ile ile. Donge la leo asubuhi linasoma ya jana. Aliyeokota kinyesi dakika kumi baada ya ugomvi na kuandika kwamba ugomvi haukupandisha homoni amesoma siku isiyohusika.

Wiki ya 10 hadi 26: Kuokota

Mfuko wa kazi: glavu, mifuko midogo ya plastiki ya kufunga, lebo za karatasi, penseli, saa, kipima mahali, na boksi lenye vipande vya barafu. Penseli, wala si kalamu ya wino. Ethanoli ikivuja tone moja inafuta maandishi ya wino, na sampuli isiyo na jina haina kazi. Lebo moja ndani, nyingine nje.

Hatua ni hizi. Mwone mnyama akinya, kwa macho yako. Andika saa na namba yake. Subiri familia isogee yenyewe, usiwafukuze kwa gari, kwa sababu gari likiwa msumbufu kila asubuhi litaingia kwenye sampuli za kesho. Ondoka ukiwa na alama ya mahali: jiwe, kichaka, pembe ya kivuli. Fika ndani ya dakika 30. Vunja madonge matano tofauti, chota katikati ya kila moja, changanya vizuri mfukoni mpaka upate kama gramu 20. Mabaki ya homoni hayajasambaa sawasawa. Donge moja linaweza kusoma tofauti na jirani yake wa mnyo ule ule. Toa hewa, funga, weka kwenye barafu, ingiza kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ndani ya saa moja au mbili.

Sampuli tunazokataa ni hizi: iliyoguswa na mkojo (mkojo una steroidi zake na hupandisha kipimo), iliyonyeshewa, iliyokwisha kuvamiwa na mbawakawa wa mavi, na ile ambayo mwokotaji "ana uhakika karibu kabisa" ni ya nani. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuitupa baada ya kusubiri asubuhi nzima. Itupe.

Kwa nini haraka yote hii? Bakteria hawasimami kinyesi kinapotoka. Wanaendelea kuyabadilisha mabaki, na mwelekeo hautabiriki: kipimo kinaweza kushuka kwa sababu mabaki yamevunjika, au kupanda kwa sababu yamegeuzwa kuwa umbo ambalo kingamwili hulitambua vizuri zaidi. Ndiyo maana tunafanya jaribio la kudumu kwa sampuli. Kinyesi kibichi cha wanyama kadhaa kinachanganywa, kinagawanywa mafungu, nusu kivulini na nusu juani, na fungu moja moja linagandishwa baada ya saa 0, 1, 2, 4, 8, 24 na 48. Muda ambao kipimo kinaanza kuhama ndio kikomo chetu halisi. Dakika 30 ni tahadhari tu.

Umeme ukikatika usiku, friza huyeyuka na kuganda tena kabla ya mtu kufika. Weka ndani kikombe cha maji, kikishaganda weka sarafu juu ya barafu. Ukiikuta sarafu imezama, sampuli zote za friza hiyo zimeyeyuka, na hilo liandikwe kwenye daftari hata kama zinaonekana salama.

Pasipo friza, ethanoli inawezekana. Lakini sampuli za ethanoli hubadilika kadiri zinavyokaa, na haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na zilizogandishwa. Mradi mmoja, njia moja. Sisi tumeshikamana na friza.

Wiki ya 22: Kukausha na kutoa homoni

Kinyesi cha msimu wa mvua kina maji mengi, cha kiangazi kina machache. Ukipima kwa uzito wa kibichi, msimu wa mvua utaonekana mtulivu kwa sababu tu ya maji. Kwa hiyo tunakausha kwa kugandisha hadi uzito usishuke tena, tunasaga kwa kinu na mchi, na kuchekecha kwa wavu mwembamba ili nyuzi za majani zibaki juu. Nyuzi hazina homoni nyingi, zinaongeza uzito tu, na punda milia ana nyuzi kweli kweli.

Ethanoli ya 80%: chukua mililita 833 za ethanoli ya 96%, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi alama ya lita moja. Usipime mililita 167 za maji pembeni ukazimimina. Ethanoli na maji vikichanganyika hunywea, na mchanganyiko wako hautafika lita.

Pima unga kati ya gramu 0.100 na 0.110, andika desimali zote tatu. Ongeza mililita 3 za ethanoli ya 80%. Tikisa kwa mashine dakika 15. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 1,500, dakika 10. Hamisha kimiminika cha juu kwenye mrija safi wenye kizibo cha kubana. Kizibo legevu huacha ethanoli ivuke, homoni ibaki kwenye ujazo mdogo, na sampuli iliyokaa mwezi mmoja itaonekana ya mnyama mwenye msongo mkubwa.

Wiki ya 24: Kingamwili ipi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua, kwa sababu mashine hutoa namba hata ikipima kitu kingine.

Kifurushi cha kupimia kotisoli ya damu kimetengenezwa kutambua kotisoli. Kwenye kinyesi kotisoli yenyewe karibu haipo. Tunahitaji kingamwili inayotambua kundi la mabaki, kama ile ya 11-oksoetiokolanoloni iliyotengenezwa Vienna na Erich Möstl na Rupert Palme, ambayo imetumika sana kwa wanyama wanaocheua na kwa farasi.

Sababu ya pili ya kuwaacha madume pembeni ni hii: baadhi ya kingamwili hushika pia mabaki ya testosteroni, kwa kuwa maumbo yake yanakaribiana. Dume mwenye familia anaweza kuwa na testosteroni nyingi kuliko dume kapera. Kingamwili ya namna hiyo itatangaza kwamba mwenye cheo ana msongo, kumbe imesoma uanaume wake. Kosa hili linafuata cheo hatua kwa hatua, kwa hiyo kuongeza sampuli hakulipunguzi hata kidogo. Dawa yake ni kutenganisha mabaki kwa kromatografia (njia ya maabara ya kutenga kemikali moja moja) kwanza na kuangalia ni vilele vipi kingamwili inavishika. Mpaka hilo lifanyike, grafu ya madume haitachorwa.

Wiki ya 25 hadi 29: Uthibitisho

Uthibitisho una sehemu mbili, na moja haisimami badala ya nyingine.

Sehemu ya maabara: sampuli ya mchanganyiko inazimuliwa nusu kwa nusu mara kadhaa, na mteremko wake unapaswa kwenda sambamba na wa viwango rejea, yaani vimiminika vyenye kiasi cha homoni kinachojulikana. Usipokwenda sambamba, kuna kitu ndani ya kinyesi kinachoingilia. Kisha kiasi kinachojulikana cha homoni kinaongezwa kwenye sampuli, na tunaangalia kama kinarudi chote. Mwisho, tofauti kati ya visima viwili vya sampuli moja (vishimo vya sahani ya kipimo) isizidi 10%, na kati ya sahani na sahani isizidi 15%.

Sehemu ya mnyama: lazima tuone kipimo kikipanda pale ambapo tuna hakika mnyama ameshtuka. Njia ya kitabuni ni kumdunga ACTH mnyama aliyefugwa. Njia tunayoitumia ni wanyama wanaohamishwa kwa sababu nyingine kabisa, na wakati wa uhamisho wanakaa zizini. Kwa kuwa kinyesi kimechelewa siku nzima, mnyo wa kwanza kabisa baada ya kukamatwa unasoma siku iliyotangulia, na huo ndio msingi wetu. Tunaokota kila mnyo kwa saa 72. Kipimo kisipopanda na kushuka ndani ya muda huo, kingamwili haifai kwa mnyama huyu, hata kama ile sehemu ya maabara imepita vizuri. Saa ya kilele ndiyo itakayochukua nafasi ya makadirio yetu ya saa 24.

Wiki ya 30: Sahani

Sahani ina visima 96. Viwili ni vitupu, viwili vya ushikaji usio wa kweli, viwili vya kiwango sifuri, 14 vya viwango rejea saba, vinne vya sampuli mbili za udhibiti. Hivyo ni 24. Vinabaki 72, yaani sampuli 36 kwa visima viwili viwili.

Ethanoli huua ushikaji wa kingamwili, na kwa kawaida tunataka isizidi 5% kisimani. Ukizimua mara 20 kwa bafa (kimiminika cha kuzimulia), ile 80% inakuwa 4%. Mkunjo wa kipimo unaaminika zaidi katikati, karibu na ushikaji wa 50%, kwa hiyo sampuli inayoangukia kingo za mkunjo inarudiwa kwa uzimuaji mwingine. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki ni cha ushindani: homoni ikiwa nyingi, rangi inapungua. Anayekizoea kinyume chake husoma sahani nzima kichwa chini.

Mfano wa hesabu: kisima kinasoma nanogramu 0.6 kwa mililita. Mara 20 ni 12. Mara mililita 3 ni nanogramu 36. Gawanya kwa unga wa gramu 0.104, unapata nanogramu 346 kwa gramu ya kinyesi kikavu. Gawanya kwa uzito halisi uliouandika. Aliyegawanya kwa 0.1 kwa sampuli zote ameingiza kosa linaloweza kufika 10%.

Visima vya pembeni hupata joto haraka kuliko vya katikati. Acha vimiminika vyote vifikie joto la chumba kabla ya kuanza, na usipange familia moja kwenye safu moja. Kila sahani ipate sampuli za misimu yote miwili na vyeo vyote. Vinginevyo sahani iliyosoma juu kidogo itageuka kuwa "athari ya kiangazi".

Wiki ya 31: Uchambuzi ulioandikwa kabla ya namba

Vipimo vinageuzwa kuwa logi (logarithimu) kwanza, kwa sababu homoni huwa na mkia mrefu upande wa juu. Utambulisho wa mnyama na familia yake unaingia kama chanzo cha mtawanyiko. Sampuli 60 za majike sita si majike 60, na kosa hilo hutengeneza uhakika ambao haupo. Vinavyoingia pamoja na cheo ni msimu, mimba, unyonyeshaji, muda tangu aingie familia, na siku ambazo sampuli imekaa kwenye friza. Mimba inastahili uangalifu: hubebwa takriban mwaka mzima, na miezi ya mwisho huweza kuinua homoni bila msongo wowote wa kijamii.

Modeli ya kwanza ina cheo bila gharama. Ya pili inaongeza gharama. Tumeandika na kufunga matarajio yetu. Ikiwa uhusiano wa cheo unapotea gharama inapoingia, basi cheo kilikuwa kivuli cha gharama. Ikiwa unabaki, kuna kitu kuhusu cheo ambacho madaftari yetu hayakukiona, pengine nafasi ya mnyama pembezoni mwa kundi, ambako simba hufika kwanza. Ikiwa hakuna uhusiano wowote katika familia zilizotulia lakini upo katika zilizopokea mgeni, tutakuwa tumekaribia alichokiona Sapolsky kwa nyani.

Maneno mawili hatutayatumia kwenye ripoti bila ushahidi wa ziada: "anateseka" na "hana afya". Kotisoli kazi yake ni kufungua akiba ya nguvu. Kupanda kwake kwa siku chache ni mwili kufanya kazi inavyopaswa, na mnyama aliyechoka kwa muda mrefu anaweza kusoma chini. Kusema kwamba homoni inagharimu kitu kunahitaji kuonyesha gharama hiyo kwenye uzazi au hali ya mwili. Kathleen Gobush na wenzake walifanya hivyo kwa tembo wa Mikumi: waliunganisha homoni za majike na undugu wa makundi yaliyovunjwa na ujangili, na pia na uzazi wao. Kwa hiyo kadi zetu sasa zina safu mbili mpya: alama ya unene wa mapaja na mgongo, na kama mtoto wa mwaka jana bado yupo.

Safu hizo zinaanza kujazwa wiki ya 32, kwa majike wote. Sahani za sampuli zinaanza wiki hiyo hiyo, isipokuwa za madume, ambazo zinabaki kwenye friza zikisubiri kromatografia.